Nani Alisahihisha Kazi Yako?

Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii 1,527,230 kutoka nje ya nchi. Mwaka 2020, korona iliposimamisha ndege duniani, idadi ikashuka hadi 620,867. Sisi wa Moshi tulizisoma takwimu hizo kwenye nyuso za watu. Wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, walirudi vihambani kupalilia migomba. Wapishi waliozoea kupika supu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari wakaanza kukaanga chipsi kando ya barabara. Waongozaji wa miaka mingi waliuza mabuti na mahema ili watoto wasirudishwe nyumbani kwa kukosa ada.

Katika miezi hiyo ya kukaa bure ndipo kozi za utalii za mtandaoni zilipotufikia kwa wingi. Zilikuwepo za bure na za kulipia. Za vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani, za mashirika ya kimataifa, na za kampuni ambazo ukitafuta anwani yake huioni. Kijana alisikiliza masomo ya saa mbili, akajibu maswali, akapokea cheti chenye muhuri wa rangi ya dhahabu, akakiweka kwenye status ya Wasapu, na rafiki zake wakampongeza. Sikumlaumu hata mmoja. Mtu aliyekaa muda mrefu bila kazi anahitaji kitu cha kumthibitishia kwamba bado anasonga mbele.

Wageni waliporudi, swali likaja nao. Kampuni za Moshi na Arusha zilianza kuajiri tena na bahasha za maombi zikawa nene. Mama mmoja mwenye kampuni ya kupandisha wageni Kilimanjaro, ambaye namheshimu kwa jinsi anavyowalipa wagumu wake, alinipigia simu.

“Mwalimu, za asubuhi? Naomba upite ofisini. Nina maombi hapa mezani, kila kijana ana vyeti vitano, sita. Nimwamini nani?”

“Nzuri, mama. Vyeti vya wapi?”

“Vya mtandaoni. Vingine hata nchi vilikotoka haikuandikwa. Na mimi nampa kijana huyu roho za watu aende nazo juu kule.”

Wakati huo nilikuwa nafundisha waongoza watalii. Kabla ya kushika chaki niliupanda mlima ule kwa ngazi zote: nilibeba mizigo nikiwa mgumu, nikawa msaidizi wa kiongozi, kisha kiongozi mwenye leseni, hasa kwa njia za Machame na Marangu. Mama yule na wenzake wachache walikubaliana kunilipa nizikague kozi zilizotokea mara nyingi kwenye maombi yao, niwaambie zipi zinaaminika. Niliikubali kazi hiyo kwa moyo wote, kwa kuwa maneno yake ya mwisho kwenye simu yalikuwa ya kweli.

Nilijiandikisha kwenye kozi hizo kama mwanafunzi mwingine yeyote, nikatumia simu ya bei ndogo na bando la kununua, maana ndivyo wanavyosoma vijana wetu. Kompyuta ya ofisini yenye intaneti ya kasi ingenificha mengi. Kozi moja ya chuo kikuu cha Ulaya ilikuwa na video za kupendeza mno, ila kila video ilimaliza bando, na hapakuwa na maandishi ya kusoma badala yake. Nyingine haikufunguka kabisa kwenye simu. Niliandika hayo kwenye daftari langu nikaendelea, kwa sababu matatizo ya simu yanatibika, na yapo makubwa kuliko hayo.

Kwanza mitihani. Kozi moja ya huduma kwa wageni niliifungua, nikaruka masomo yote, nikaingia moja kwa moja kwenye mtihani. Swali: mgeni analalamika kwamba chakula kimepoa, utafanya nini? Majibu ya kuchagua: umpuuze, umkaripie, umcheke, au umsikilize kwa upole na kurekebisha. Mtoto yeyote aliyelelewa na wazazi angelipata jibu hilo. Ukikosea, maswali yale yale yanarudi papo hapo, mara nyingi utakavyo, hadi upate. Nilifaulu, nikatumiwa cheti chenye jina langu na neno la Kiingereza la kunitangaza kuwa mtaalamu. Hapakuwa na mtu aliyeona chochote nilichokifanya. Mashine ilihesabu nilipobonyeza, basi.

Mwaka 1959 Mmarekani Donald Kirkpatrick alianza kuandika makala kuhusu namna ya kupima mafunzo. Alitaka tuulize mambo manne: mwanafunzi aliyapokeaje mafunzo, alijifunza nini, akirudi kazini anafanya nini ambacho hakukifanya zamani, na kazi yenyewe imepata faida gani. Karibu kozi zote nilizozikagua zilijipima kwa swali la kwanza peke yake. Wanafunzi walitoa nyota tano, wakaandika kwamba wamefurahi, na nyota hizo ndizo zikawa tangazo la kumvuta mwanafunzi mwingine. Kufurahia somo ni jambo jema na mwalimu yeyote analitamani. Lakini mgeni aliye kambi ya Barafu, mita 4,673, usiku wa manane akijiandaa kwenda kileleni, hapati msaada wowote kutokana na furaha aliyokuwa nayo kiongozi wake mbele ya simu.

Kozi za afya ya mlimani ndizo nilizozikagua kwa ukali kuliko zote, kwa sababu hapo kosa la somo linaweza kuua mtu.

Kwa ambaye hajapanda: ukienda juu haraka kuliko mwili unavyozoea, kichwa kinauma, tumbo linachafuka, nguvu zinaisha, kizunguzungu kinakuja. Madaktari wa milimani duniani wana kipimo cha dalili hizo kiitwacho Lake Louise, na kila dalili hupewa alama kuanzia sifuri hadi tatu. Zamani ukosefu wa usingizi ulihesabiwa humo kama dalili ya tano. Mwaka 2018 wataalamu waliuondoa, kwa sababu hata mtu mzima wa afya hulala vibaya mahali pa juu. Sasa, katika kozi nilizozikagua miaka kadhaa baada ya hapo, zipo mbili zilizokuwa bado zinafundisha dalili tano. Usingizi ule peke yake usingemdhuru mgeni. Ila uliniambia jambo kubwa kuhusu kozi zenyewe: toka somo lilipoandikwa hapakuwa na mtu aliyelirudia kulisoma. Lilikuwa linauzwa tu. Tangu siku ile, kila nikipewa kozi ya utalii nitathmini, huwa natafuta kitu kimoja ambacho najua kimebadilika karibuni, iwe ni kanuni ya hifadhi, kiingilio au jina la taasisi, niangalie kama kozi imebadilika nacho. Kipimo hiki hakigharimu kitu, na sijaona kinachofichua haraka kama hicho.

Kozi nyingine ilikuwa na kosa zito. Ilieleza vizuri dalili za maji kujaa kwenye mapafu: mgeni anahema akiwa amekaa tu, anakohoa makohozi yenye povu, midomo inageuka rangi. Ikafika kwenye mtihani, jibu lililohesabiwa kuwa sahihi likawa kumpa mgeni oksijeni na kumwacha apumzike hadi kupambazuke. Kiongozi yeyote wa Kilimanjaro anajua kwamba mgeni wa namna hiyo anashushwa usiku ule ule. Oksijeni inamsaidia njiani. Haichukui nafasi ya kushuka. Niliwaandikia wenye kozi, nikawaeleza kwa adabu na kwa ukamilifu. Barua pepe yangu haikujibiwa. Kozi hiyo niliifelisha bila kujali uzuri wa masomo yake mengine, na ningeifelisha tena leo.

Hata kozi isiyo na kosa lolote kwenye maandishi ina jambo ambalo mtihani wa kubonyeza hauwezi kulipima. Mgeni hudanganya. Ametumia fedha nyingi, amewaaga watu wake, ameota kilele cha mita 5,895 kwa miaka, na sasa kichwa kinamuuma hataki usikie. Ukimuuliza anasema yuko salama. Kiongozi hodari anausoma ukweli mahali pengine: kwenye sahani aliyoirudisha haijaguswa, kwenye kamba za viatu anazozihangaikia muda mrefu, kwenye hatua zake akitoka hemani. Anamwomba atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, aone kama anayumba. Mimi nilijifunza hayo nikiwa msaidizi, nikitembea nyuma ya mzee mmoja aliyekuwa akiniuliza kila jioni, “Kijana, leo nani hakula?” Nikishindwa kujibu ananirudisha kwenye hema la chakula nikaangalie.

Je, hilo linafundishika kupitia simu? Kabla ya kazi ile ningesema hapana. Kozi iliyonibadilisha ilikuwa ndogo, ya wakufunzi wachache wa hapa hapa kaskazini. Picha zake hazikuwa safi, na kwenye sauti ulisikia majogoo ya jirani. Masomo yaliletwa kwa Wasapu, mengi yakiwa sauti tupu ili yasile bando. Lakini kila juma mwanafunzi alitakiwa amchukue ndugu au rafiki awe mgeni, amhoji kama wako kambini, ajirekodi, aitume. Na mkufunzi aliisikiliza. Nilipewa ruhusa ya kusikia baadhi ya majibu. Kwa kijana mmoja mkufunzi alisema: “Umemuuliza kama kichwa kinamuuma, kasema hapana, na wewe ukaondoka. Rudia kazi hii. Safari hii muulize na mwenzake wanayelala hema moja.” Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi hivyo. Kijana alirudia, akatuma tena, na kwenye rekodi ya pili alikuwa mtu mwingine kabisa: anauliza, ananyamaza, anasubiri, anamgeukia mwenzake wa hema, anarudi kwa mgeni. Katika masomo yote niliyoyaona kwenye ukaguzi ule, hapo ndipo nilipomwona kwa macho yangu mwanafunzi akijifunza.

Sikutaka kutegemea rekodi peke yake, maana nyumbani mtu anaweza kurudia mara nyingi. Nikawaomba vijana waliomaliza kozi mbalimbali tukutane kwenye Msitu wa Rau, pale pale Moshi, wenye mvule maarufu kwa ukubwa wake. Wanafunzi wangu wa darasani wakawa watalii. Mmoja wao nilimwambia achechemee taratibu nyuma ya kundi, asiseme kitu hadi aulizwe.

Kijana wa kwanza alikuwa na vyeti vingi kuliko wote, na Kiingereza chake kilitiririka. Alisimama chini ya mvule akatoa maelezo ya utalii endelevu ambayo yangeweza kuchapwa kitabuni. Alitaja nguzo zake zote bila kukosea. Kundi likaendelea kutembea, aliyechechemea akaachwa mbali kiasi kwamba hakuonekana tena, na kijana hakugeuka nyuma hata mara moja. Tulipokaa baadaye nilimuuliza kozi zake zilimtaka afanye nini. Akafikiri, akasema, “Mwalimu, kusema kweli ni kusikiliza na kujibu maswali. Hakuna aliyewahi kuniona nikifanya.” Alikuwa kijana mwenye akili na bidii. Kozi zile zilichukua muda wake wote, zikamwacha bila jambo alilolihitaji.

Aliyefuata alikuwa dada kutoka Kibosho, aliyepita kwenye ile kozi ya sauti. Kiingereza chake kilikuwa cha kuunga. Kabla hajasema neno kuhusu msitu aliangalia miguu ya kila mmoja, akauliza nani ana maji, akaonyesha tutakakotokea. Alipozungumzia miti alieleza mambo ambayo bibi yake alimfundisha kuhusu majani na magome. Hatujafika mbali alisimamisha kundi, akarudi nyuma hadi kwa yule mchechemeaji, akapiga goti kumtazama kiatu, na akabadilisha mpangilio wa safari ili aende naye mbele. Mama mwenye kampuni, aliyekuja kutazama, aliniegemea akaninong’oneza, “Huyo namtaka.”

Isije ikaonekana kwamba kozi za nje ni mbaya na za nyumbani ni nzuri. Kijana wa tatu alikuwa amesoma kozi ya chuo kikuu cha nje kuhusu uhifadhi, kwa Kiingereza kitupu, na alitufundisha sote. Alituonyesha jinsi maji yanayotoka eneo lile yanavyohusiana na mashamba ya mpunga ya Lower Moshi chini kule, na kwa nini mkulima wa mpunga ana haki ya kuujali msitu kuliko mtalii. Nilimuuliza alijuaje. Akasema kozi ilimtaka kila mwanafunzi aandike kuhusu hifadhi iliyo karibu naye, na kazi isomwe na wanafunzi wenzake wawili kisha mkufunzi. Mmoja wa wasomaji wake, mtu wa Peru, alimwandikia swali moja: huko chini nani anayanywa maji hayo? Hakuwa na jibu. Akapanda bodaboda hadi kwa wakulima akawauliza. Mkufunzi aliisoma kazi ya pili akamtaka aongeze jambo jingine, akaongeza.

Nilipolinganisha dada wa Kibosho na kijana huyu, kozi zao hazikufanana kwa lugha, kwa bei, kwa nchi wala kwa uzuri wa picha. Zilifanana kwa jambo moja: kila mmoja alifanya kazi, kazi ikamfikia mtu anayejua, mtu huyo akairudisha na neno la kurekebisha, naye akaifanya upya. Nikarudi kwenye daftari langu kupitia kozi nyingine zote kwa jicho hilo. Zilizokuwa na mrejesho wa namna hiyo zilikuwa chache, na vijana wake ndio waliofanya vizuri msituni. Kipengele hicho nikakiweka juu ya vingine vyote kwenye ripoti yangu.

Mrejesho una faida nyingine ambayo wenye kozi hawaifikirii: unaifundisha kozi yenyewe. Nilisoma kozi moja kuhusu Kilimanjaro iliyoeleza kwamba Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni mwaka 1889, na hadithi ikaishia hapo. Hakuna mgumu hata mmoja kwenye somo zima, wala Yohani Kinyala Lauwo, ambaye watu wa Marangu wanamkumbuka kuwa aliiongoza safari ile. Kijana wa Marangu anayesoma kozi hiyo anafundishwa kwamba mlima ulio nyuma ya nyumba yao ni habari ya watu wengine. Laiti kungekuwa na mkufunzi wa kupokea hata insha moja ya mwanafunzi wa kule, somo lingekuwa limesahihishwa zamani. Kozi isiyosikiliza wanafunzi wake inabaki na ujinga wake miaka yote.

Waajiri waliniuliza pia kuhusu vipimo vya kitakwimu, hasa asilimia ya wanaomaliza. Mwaka 2019 watafiti wawili, Justin Reich na José Ruipérez-Valiente, walichapisha kwenye jarida la Science uchambuzi wa kozi kubwa za wazi za vyuo vya MIT na Harvard, wakaona kwamba kati ya kila watu 100 waliojiandikisha katika mwaka wa masomo wa 2017 hadi 2018, waliomaliza walikuwa kama watatu. Ni tarakimu ya kushtua, ingawa mimi siitumii kuhukumu kozi. Wengi hujiandikisha kuchungulia tu, na kozi ya kubonyeza inaweza kumalizwa na kila mtu bila kumfundisha yeyote. Shirika la Umoja wa Mataifa la Utalii nalo lina ithibati iitwayo TedQual kwa programu za elimu ya utalii, na ni jambo zuri chuo kuwa nayo. Hapa kwetu NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, inasajili vyuo na kusimamia tuzo zao, na mwajiri anapaswa kuanzia hapo: cheti cha kozi fupi ya mtandaoni hakina uzito wa astashahada au stashahada. Lakini ithibati inamwelezea mwajiri habari za chuo. Kijana aliyesimama mbele ya meza yake bado hajajulikana.

Wapo walimu wenzangu waliotaka niandike kwamba utalii haufundishiki kwa mbali, basi. Sikukubali. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa mwaka 1992, kikawafundisha watu majumbani kwa vitabu na posta kabla intaneti haijafika wilayani. Kilifanikiwa kwa kuwa na vituo mikoani, ambako mwanafunzi anakutana na mwalimu na kufanya mtihani mbele ya msimamizi. Umbali haukuwa tatizo, kwa kuwa mtu wa kukukagua alikuwepo. Kenya Utalii College, iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1975, ilijengewa hoteli yake ya mafunzo ili mwanafunzi amhudumie mgeni wa kweli huku mwalimu akimtazama. Na huko huko Kenya chama cha waongoza safari kina ngazi tatu, shaba, fedha na dhahabu, na hakuna anayeruka ngazi. Taasisi hizo zina historia na njia tofauti, na katika kila moja mwanafunzi anatazamwa akifanya kazi. Kozi ya mtandaoni inayotaka kuheshimiwa itafute namna yake ya kulifanya hilo. Simu ina kamera na kinasa sauti. Kinachokosekana ni bajeti ya kumlipa mkufunzi.

Hapo ndipo penye ugumu, na sitaki kuupuuza. Video moja ikisharekodiwa inauzwa kwa watu elfu kumi bila gharama ya ziada. Mkufunzi mmoja hawezi kusikiliza rekodi za watu elfu kumi. Kwa hiyo kozi yenye mrejesho wa kweli itakuwa ndogo, au itakuwa ghali kidogo, au itahitaji mtu wa kuichangia. Kwa maoni yangu wa kuichangia ni kampuni za utalii zenyewe, kwa sababu ndizo zinazovuna. Nilipotoa ripoti, mmoja wa wenye kampuni alisema hana fedha za kulipia mafunzo ya kijana ambaye kesho atahamia kwa mshindani. Nilimwelewa. Mama aliyenipigia simu akamjibu, “Kaka, na kama hatuwafunzi, halafu wakabaki?” Kikao kikanyamaza kidogo, kisha wakakubaliana kwamba nusu ya wale waliokuwepo wajaribu.

Kilichofuata ni hiki. Kwenye usaili waliacha kuhesabu vyeti. Mwombaji anaulizwa nani alisahihisha kazi yako, alikuambia nini, na ulibadilisha nini. Aliyefundishwa kweli anajibu haraka, mara nyingi akicheka, maana anakumbuka jinsi alivyorudishwa. Baada ya hapo anapelekwa Rau kwa nusu siku, akilipiwa nauli na chakula, na kila kundi lina mgeni mmoja mwenye tatizo ambalo hajalitangaza. Lugha wanaipima kivyake, ili asiye na Kiingereza kizuri asihesabiwe kuwa hajui kazi. Wale wakufunzi wa kozi ya sauti sasa wanalipwa na kampuni tatu, na wameongeza somo la wagumu na la wapishi.

Kijana unayesoma haya na unataka kuingia kwenye utalii: kabla hujalipia kozi yoyote ya mtandaoni, hata kama ni shilingi elfu kumi, waandikie wenye kozi uwaulize jina la mkufunzi atakayesikiliza rekodi yako au kusoma kazi yako, na atakujibu ndani ya siku ngapi. Wakikupa jina, mtafute uone kama amewahi kuifanya kazi anayoifundisha. Wakishindwa kukupa jina, usiwalipe. Nenda ukamtafute mwongozaji mwenye leseni mtaani kwenu, umsalimie, na umwombe ukatembee nyuma yake.